Niliiacha sarafu ya tembo wa Tabora mwaka 1983. Je, niinunue sasa?

*"Mwaka 1983 nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi, nje kidogo ya Tabora mjini. Jioni moja jirani yangu, mzee mstaafu wa reli, aliniita ndani akafungua kitambaa na kunionyesha sarafu ya dhahabu: upande mmoja tembo, upande wa pili tai. Alisema aliachiwa na baba yake tangu enzi za Mjerumani. Alitaka shilingi 1,500. Nilikuwa nazo, ila nilikuwa nadunduliza ninunue baiskeli. Nikamwomba anipe siku mbili nifikirie, sikurudi. Baiskeli nikanunua. Mzee alifariki miaka michache baadaye na sarafu sijui iliishia kwa nani.*

*Mwaka jana mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu sarafu kama ile ikiuzwa dola 4,800. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na kwangu yameletwa na mjukuu kweli. Tangu siku hiyo silali vizuri. Kila nikitazama nyumba ambayo sijaimalizia najiona mjinga. Sasa nimeunganishwa na kijana anayesema anayo moja, ilikuwa ya bibi yake huko Urambo. Anataka milioni nane, na kwanza nimtumie laki tano asiwape wengine. Kiinua mgongo kimebaki kidogo lakini kinatosha. Mke wangu sijamwambia. Je, ninunue? Na mwaka ule nilipoteza kiasi gani hasa?"*

Shikamoo Mwalimu. Nashukuru umeuliza kabla ya kutuma hela, maana katika barua yako kuna jambo moja lisilongoja: usitume hiyo laki tano. Hata kama kijana ni mkweli na sarafu ni halisi, hakuna sababu ya kulipia kitu cha bei hiyo ambacho hujakishika mkononi na hakijapimwa. Akisema kuna mnunuzi mwingine yuko njiani, mwambie amuuzie. Haya mengine soma polepole, ikiwezekana ukiwa na mama, yaani mkeo, pembeni.

Naomba tuanze na kile ulichoonyeshwa jioni ile. Kama kilikuwa halisi, ilikuwa rupia 15 ya dhahabu iliyogongwa palepale Tabora mwaka 1916. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, manowari za Uingereza zilifunga njia ya bahari, na fedha hazikuweza tena kuletwa kutoka Berlin. Serikali ya kikoloni ilihamishia shughuli zake Tabora, na ilikuwa na askari na wapagazi wa kulipa na chakula cha kununua kwa wakulima. Ikachapisha noti za dharura, lakini watu wengi hawakuziamini. Walitaka kitu kizito mkononi. Ndipo karakana ya reli ikageuzwa kuwa kiwanda cha sarafu. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, huko Iramba, mkoa wa Singida wa leo. Kila sarafu ilikuwa na uzito wa gramu 7.17, robo tatu yake dhahabu, ambayo sonara wa leo angeiita karati 18. Rupia 15 zililingana na Mark 20 za Kijerumani, na ndiyo maana wakachagua 15 badala ya 10 au 20. Zilitoka zaidi kidogo ya 16,000 kabla Tabora haijaangukia mikononi mwa majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo, mwezi Septemba mwaka huohuo.

Kwa hiyo mzee wa reli kuwa na sarafu iliyotoka karakana ya reli ni jambo linaloingia akilini. Sina sababu ya kusema alikudanganya. Lakini hukuipima, na yeye pia pengine hakuwahi kuipima. Unachokumbuka ni rangi ya njano, tembo aliyeinua mkonga, na kitambaa. Sarafu hii imeigwa kwa miaka mingi, kwa sababu ni nzuri kutazama na wanawake wengi walitaka kuivaa shingoni. Nakala nyingine ni za shaba iliyopakwa dhahabu, nyingine ni za dhahabu kweli zilizotengenezwa na masonara. Basi hilo ambalo limekukosesha usingizi mwaka mzima lina alama ya kuuliza tangu mwanzo.

Tuje kwenye dola 4,800. Bei uliyoonyeshwa ni ya sarafu moja mahususi, na karibu kila mtu hukosea hapa. Soko la sarafu za kale halinunui jina, linanunua hali. Sarafu ambazo hazikuguswa hupewa alama kuanzia 60 hadi 70 kwenye kipimo chenye mwisho wa 70, kisha hufungwa ndani ya kasha la plastiki lisilofunguka bila kuvunjwa. Hizo ndizo zinazopigwa picha vizuri na kuwekwa kwenye simu za wajukuu. Iliyozunguka mifukoni, ikalika kwenye sikio na goti la tembo, hushuka bei. Iliyowahi kuchomelewa kitanzi ili iwe kidani hushuka zaidi, hata kama kitanzi kimeondolewa; ukiielekeza kwenye taa utaona ukingoni sehemu ndogo iliyolainika, ambako metali iliyeyuka ikaganda tena. Iliyosuguliwa ing'ae ni hivyohivyo. Sarafu iliyokaa nyumbani miaka 67, kutoka kwa baba hadi kwa mwana, ikifungwa na kufunguliwa kwenye kitambaa, inaweza kuwa safi, ila mara nyingi haiwi.

Sasa nikurudishe mwaka 1983, maana naona umejihukumu kwa macho ya leo. Mwalimu, wewe uliishi mwaka ule, unaujua kuliko mimi. Nchi ilikuwa bado inauguza gharama za vita vya Kagera, sabuni na sukari ni kwa foleni. Machi mwaka huo Serikali ilianza msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, na sheria maalumu ikapitishwa. Watu walitupa mali vichakani na majini usiku kwa kuogopa kukutwa nayo. Mtumishi wa umma kijana kununua dhahabu kwa siri, sebuleni kwa jirani, bila karatasi yoyote, katika mwaka huo! Angekutwa nayo angejieleza vipi? Sijui kama hofu hiyo ilikuwamo kichwani mwako ulipoomba siku mbili, lakini ingekuwamo, ingekuwa hofu ya mtu mwenye akili timamu.

Tuitazame bei pia. Mwaka 1983 wakia moja ya dhahabu ilikuwa karibu dola 420 katika soko la dunia. Sarafu yako ilikuwa na dhahabu tupu ya gramu 5.4 hivi, yaani ya dola kama 72. Kwa kiwango rasmi cha benki, dola moja ilikuwa takribani shilingi 12. Hivyo dhahabu iliyokuwamo ilikuwa na thamani ya shilingi 900 hivi kwa hesabu za kiserikali, na mzee alitaka 1,500. Najua mtaani dola ilikuwa na bei yake nyingine, ya juu sana, ila mwalimu wa shule ya msingi hakuwa na njia halali ya kuifikia. Kwa hesabu pekee uliyoweza kuipiga wakati ule, uliombwa ulipie sarafu kwa bei inayozidi dhahabu yake, kwa ajili ya historia ambayo hakuna mtu Tabora angekulipa.

Hili la nani angekulipa nalitilia mkazo. Soko linalotoa dola 4,800 halikuwapo mwaka 1983. Kampuni mbili kubwa za Marekani zinazopima sarafu na kuzifunga kwenye kasha, PCGS na NGC, zilianza mwaka 1986 na 1987. Intaneti ya kumuunganisha mtu wa Tabora na mkusanyaji wa Hamburg haikuwapo. Wakusanyaji walikuwapo, hasa Ujerumani, lakini ungewafikiaje? Ungeiuza kwa sonara, naye angeiweka kwenye mizani, akakata bei ya dhahabu, akaiyeyusha awe na pete mbili za harusi. Huenda baadhi ya sarafu za aina hii ziliishia hivyo.

Halafu kuna kuitunza. Unaponiambia ulichopoteza, unahesabu kana kwamba ungeinunua mwaka 1983, ukaiweka mahali, ukaitoa mwaka jana ikiwa nzima. Hebu ipitishe kwenye maisha yako halisi. Mwaka 1986 shilingi iliporomoshwa na mishahara ikabaki nyuma ya bei za vitu. Watoto walizaliwa, wakaugua, wakaenda shule. Ulihamishwa vituo mara ngapi? Palikuwa na misiba na michango ya harusi. Na katika miaka hiyo yote dhahabu haikupanda, ilishuka. Mwaka 1999 wakia moja ilikuwa chini ya dola 300, baada ya miaka 16 ya kungoja. Ungekuwa umekaa na kitu ambacho kila mwaka kinaonekana kuwa kosa, huku mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Mimi naamini ungeiuza, na ungekuwa umefanya vema. Ninaowajua waliotunza sarafu kama hizi miaka 40 ni watu ambao hawakuwahi kuzihitaji, au waliosahau kwamba wanazo.

Hata tukikubali yote yaende sawa, sarafu iwe halisi, safi, isiibwe, isiuzwe, hesabu yenyewe si kubwa kama inavyoonekana. Shilingi 1,500 kwa kiwango rasmi ni kama dola 125. Kutoka 125 kufika 4,800 kwa miaka 40 na ushee ni ongezeko la takribani asilimia 9 kwa mwaka. Ni faida nzuri, siikatai. Ila si utajiri uliokupita mlangoni. Ni faida ya kawaida iliyopewa muda mrefu sana. Namba ya mwisho inatisha kwa sababu ya ile miaka.

Kwa nini basi inauma hivi, na kwa nini inauma sasa? Watafiti wa saikolojia wa Marekani, Thomas Gilovich na Victoria Medvec, waliandika miaka ya 1990 kuhusu jambo hili. Waligundua kwamba kwa muda mfupi watu hujutia zaidi walichokifanya, lakini wakitazama maisha yao kwa ujumla hujutia zaidi walichoacha kufanya. Kosa ulilolifanya lina mwisho: unaliona matokeo yake, unalirekebisha au unalizoea. Kitu ulichokiacha hakina mwisho, kwa hiyo akili ina uhuru wa kukijazia. Sarafu uliyoiacha haichakai, haiibwi, haigunduliki kuwa bandia. Kila ukiikumbuka inakuwa safi kuliko ilivyokuwa.

Akili pia ina tabia ya kuokota kitu kimoja na kuviacha vingine. Mwaka ule wa 1983 uliacha kununua mambo mengi. Pengine ulikataa redio mbovu, shamba lenye mgogoro, rupia za fedha zenye kichwa cha Kaisari Wilhelm wa Pili, senti za mkoloni zenye tundu katikati. Hizo senti bado zinauzwa kwa bei ya kikombe cha chai. Hakuna mjukuu atakayekuonyesha hizo kwenye simu. Umeonyeshwa moja iliyopanda, ukaona kama ulikuwa na jukumu la kuitambua katikati ya mia ambazo hazikupanda.

Na baiskeli? Katika barua yako umeipa sentensi moja, "baiskeli nikanunua," ukaiacha. Mwalimu wa shule ya nje ya mji bila baiskeli mwaka 1983 alikuwa anatembea. Sijui ilikubeba miaka mingapi, ilibeba magunia mangapi, ilimpeleka nani zahanati. Wewe unajua. Ukitaka kupiga hesabu ya haki, iweke baiskeli upande wa pili wa mizani na uiandikie kila ilichofanya, kwa sababu shilingi 1,500 hazikupotea. Zilikwenda kwenye kitu ulichokihitaji siku ile.

Sasa tumrudie kijana wa Urambo. Nasema kwa upole, kwa sababu simjui na siwezi kumwita mwizi. Lakini barua yako imenionyesha namna mtu mwenye majuto anavyokuwa laini. Akija mtu na kitu kilekile ulichokiacha, hakuuzii sarafu, anakuuzia nafasi ya kurudi jioni ile ukajibu tofauti. Mtu hulipa fedha nyingi mno kwa nafasi hiyo, na huangalia kidogo mno anachopewa. Matapeli wanalijua hili vizuri. Nchini kwetu kuna historia ndefu ya watu kuuziwa habari za mali ya Mjerumani iliyofukiwa chini ya boma au mti fulani, na za "rupia inayovuta mchele". Hiyo ya mwisho niiseme wazi: ukiacha hii ya 15 ya dhahabu, rupia halisi za Mjerumani zilikuwa za metali ya fedha, na metali hiyo haivuti mchele wala sindano, kama ambavyo dhahabu haivuti. Sarafu inayovuta sindano ina sumaku, basi.

Alama nilizoziona kwako ni za kawaida katika mauzo mabaya. Umeunganishwa naye, hukumtafuta. Kuna bibi wa mbali ambaye huwezi kumuuliza. Kuna wanunuzi wengine wasioonekana. Kuna kianzio. Na kuna siri nyumbani kwako, ambayo hakuiomba yeye lakini inamsaidia yeye.

Kama bado unataka kujua ukweli wa sarafu yake, upimaji upo na si wa gharama. Mwambie mkutane mchana kwenye soko la madini la mkoa. Masoko hayo yamefunguliwa mikoani tangu 2019 na yanapima dhahabu kila siku, mengine kwa mashine ya mionzi inayosoma mchanganyiko wa metali bila kukwangua. Sonara mwenye jina zuri anafaa pia. Kipimo cha kwanza ni uzito: gramu 7.17, inaweza kupungua kidogo sana kwa kuchakaa. Ikiwa na gramu 4 au 9, mazungumzo yameisha.

Cha pili ni maji, nacho nakipenda kwa sababu kila kitu kinafanyika mbele ya macho yako. Sonara aweke kikombe cha maji juu ya mizani ya kidijitali, airudishe mizani kwenye sifuri, kisha aning'inize sarafu kwa uzi mwembamba ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni. Namba itakayotokea ndiyo ujazo wa sarafu. Kwa dhahabu ya karati 18 yenye uzito ule, mizani itasoma karibu 0.47. Shaba ya njano yenye uzito uleule itasoma zaidi ya 0.8, kwa sababu ni nyepesi kwa umbo na inasukuma maji mengi. Hakuna maneno ya muuzaji yanayoweza kuibadilisha namba hiyo.

Vipimo hivi vina mpaka wake, nisikufiche. Vinaweza kukuambia sarafu ni bandia. Haviwezi kukuhakikishia ni halisi. Sonara stadi aliyechukua dhahabu ya karati 18 na kutengeneza nakala ya gramu 7.17 atapita mizani na maji. Hapo lazima jicho la mtu aliyeshika nyingi halisi: makali ya herufi, ngozi ya tembo, herufi T ya Tabora chini ya mwaka 1916, na mapambo ya upande wa tai, ambayo kwenye aina moja hukomea chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA na kwenye aina nyingine chini ya A ya kwanza. Waigaji huchanganya mambo haya. Jicho hilo kwa picha za WhatsApp halitoshi, wala langu. Na ikitokea ni nakala ya dhahabu, milioni nane umelipia kitu ambacho thamani yake ni gramu 5.4 za dhahabu tupu.

Tuseme ni halisi kabisa. Je, uinunue? Kwa fedha za kiinua mgongo, nasema hapana, bila kusitasita. Nasema hivyo nikiipenda sarafu hii kuliko nyingine zote zilizotengenezwa katika ardhi yetu. Sarafu hailipi gawio wala riba. Ukiugua kesho huwezi kuigeuza fedha kwa bei ya mnada. Utaiuza kwa haraka, kwa bei ya dhahabu au juu yake kidogo. Minada ya nje hukata asilimia yake kwa muuzaji na kwa mnunuzi, na bado kuna usafirishaji na bima. Kuitoa nchini nako kuna maswali yake: Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964, na biashara ya dhahabu ina vibali vyake. Kabla mtu hajafikiria kuuza nje anapaswa kuuliza Idara ya Mambo ya Kale na ofisi ya madini ya mkoa, apate jibu la maandishi. Nyumba ambayo haijaisha ina faida ya uhakika zaidi kwako: bati juu ya chumba kimoja, na labda mpangaji.

Kuna jambo moja ambalo huenda litakupunguzia uzito. Sarafu hii haijapotea duniani. Elfu kumi na sita ni chache, lakini watu wengi waliiweka kama ukumbusho tangu siku zilezile za vita, kwa hiyo hujitokeza kwenye minada ya Ulaya na Marekani kila mwaka. Mlango haukufungwa mwaka 1983. Siku mtoto wako mmoja akifanikiwa akataka kukununulia, ataipata, ikiwa kwenye kasha lake, yenye namba inayoweza kuhakikiwa kwa kampuni iliyoipima, na hatahitaji kumtumia mtu laki tano gizani.

Na ukitaka kitu cha kushika sasa, kipo. Karakana ileile ya Tabora, mwaka uleule wa 1916, iligonga pia sarafu za shaba za heller 5 na heller 20 (heller ilikuwa sehemu ya mia ya rupia), kwa kuyeyusha maganda ya risasi na mabaki mengine ya shaba yaliyopatikana. Zina taji juu, mwaka, na herufi T ileile. Heller 20 zilitoka kwa wingi sana, hivyo hata leo iliyochakaa huuzwa kwa makumi machache ya dola, na hapa nyumbani mara nyingine kwa chini ya hapo. Kwangu mimi hizi ndizo zenye historia nzito zaidi. Sarafu ya dhahabu ilifichwa. Ya shaba ndiyo iliyolipwa kwa mpagazi, ikanunua muhogo, ikapita mikono mia. Baba wa mzee wako wa reli pengine alizishika hizi kuliko alivyoishika ile ya tembo.

Naomba pia uandike ulichokisikia kwake. Baba yake alikuwa nani, alifanya kazi gani, aliipataje sarafu? Kumbukumbu za Watanzania waliofanya kazi kwenye karakana ile ni chache mno. Tunayoyajua mengi yameandikwa na Wajerumani. Kurasa mbili za mwandiko wako, na jina la mtaa, zina kitu ambacho mnada hauna.

Limebaki usingizi. Kukosa usingizi wiki moja mbili baada ya habari ya kushtua ni kawaida. Mwaka mzima si kawaida, hasa kwa mtu wa umri wako. Kama unaamka usiku wa manane na mawazo yaleyale, chakula hakina ladha, umejitenga na watu au huoni faida ya mambo uliyoyapenda, nenda hospitali ya wilaya ukamweleze daktari kama ulivyonieleza mimi. Huenda sarafu ndiyo jina tu la mzigo mwingine: kustaafu, nyumba kutokwisha, fedha kupungua. Pima na presha ukiwa huko. Kama kuna padri, sheikh au mzee unayemwamini, zungumza naye pia, lakini asichukue nafasi ya daktari.

Na mama aambiwe wiki hii. Hujafanya kosa lolote la kumficha bado, umefikiria tu. Ukishatuma laki tano itakuwa jambo jingine. Kama ulishatuma kitu chochote kabla ya barua hii kukufikia, piga simu ya huduma kwa wateja ya mtandao wako leo hii uombe muamala uzuiwe, kisha uende kituo cha polisi na namba ya simu ya kijana pamoja na ujumbe wake. Usimwambie yeye kwanza.

Ukimaliza hayo, na ukaipata hiyo heller 20, usiisugue. Si kwa majivu, si kwa limau, si kwa dawa ya meno. Ile rangi ya kahawia iliyojijenga juu yake kwa miaka zaidi ya mia ndiyo ngozi yake, na wanunuzi wote huitafuta kabla ya kitu kingine. Ishike ukingoni, iweke kwenye bahasha ya karatasi kavu, na uandike juu yake siku uliyoipata na kwa nani.